Spea za Injini za Mtumba kwa Gari la Zamani: Chanzo Kipi Kwanza, Kipi Mwisho

Gari likishazeeka, halafu fundi akafungua injini na kukuonyesha hedi (kifuniko kikubwa cha juu ya silinda) iliyopasuka au krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) iliyolika, njia zinabaki chache. Spea mpya ya kampuni huenda haitengenezwi tena, au ipo lakini bei yake inakaribia thamani ya gari lenyewe. Spea mpya za kuiga zinapatikana, ila kwa sehemu fulani za injini ni hatari kuliko iliyokwisha kutumika. Ndipo watu wanapoingia soko la mtumba, na humo wengi hulipa mara mbili: ama wananunua kitu kisichoingia, ama kinaingia lakini kimechoka kuliko kile walichokitoa.

Msimamo wangu ni kwamba spea ya injini iliyotumika hainunuliwi kwa kuangalia bei wala kwa kuangalia sura. Inanunuliwa kwa namba yake na kwa historia ya injini iliyotoka. Vyanzo vilivyo hapa chini nimevipanga kwa kigezo hicho: ni kiasi gani cha historia unaweza kukihakiki mwenyewe, kwa macho na masikio, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Namba kwanza

Kumtajia muuzaji jina la gari na mwaka wake hakutoshi. Hata ukubwa wa injini hautoshi. Chukua magari ya Volkswagen yenye dizeli ya 1.9 TDI. Injini yenye herufi ALH ina pampu moja inayogawa mafuta kwa nozeli zote, yaani vinyunyizio vya mafuta. Yenye herufi AJM haina pampu hiyo. Kila silinda ina nozeli yenye pampu yake, na inasukumwa na kemshafti, mhimili uleule unaofungua valvu. Zote ni lita 1.9, zote zimeandikwa TDI, lakini hedi ya moja haina kazi kwenye nyingine.

Upande wa Toyota, angalia injini za 1NZ-FE na 2NZ-FE. Ukiziweka chini pamoja zinafanana sana, na pistoni za zote mbili zina kipenyo cha milimita 75. Tofauti imejificha ndani: krenki ya 1NZ inaipeleka pistoni mwendo wa milimita 84.7, ya 2NZ milimita 73.5, ndiyo sababu moja ni lita 1.5 na nyingine 1.3. Kwa 4A-FE na 5A-FE mambo yamegeuka. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 77, ila silinda za 4A zina kipenyo cha 81 na za 5A 78.7. Hapo krenki si tatizo kubwa, tatizo ni pistoni, ringi na gasketi ya hedi. Dizeli za 2L, 3L na 5L nazo ni ndugu wanaochanganywa kila siku, wakati vipenyo vya silinda zake ni 92, 96 na 99.5. Muuzaji anayekuambia "hizi zote ni moja" huenda anasema kweli kuhusu bano la alteneta, lakini usimwamini kuhusu gasketi.

Herufi za injini hugongwa kwenye bloku, mara nyingi kwenye sehemu iliyosawazishwa karibu na mahali injini inapoungana na gia boksi. Sugua kwa brashi ya waya na upige picha. Hata zikilingana, usiishie hapo, kwa sababu kampuni hubadilisha vitu ndani bila kubadilisha jina. Mitsubishi 4G63 ni mfano unaojulikana: za mwanzo krenki yake inafungwa kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa bolti 6, na kuanzia katikati ya 1992 zikaja za bolti 7. Anayetafuta krenki ya 4G63 bila kuhesabu matundu hayo anabahatisha.

Namba ya chesisi ndiyo inayofungua katalogi ya spea. Kwa magari mengi ni mfululizo wa herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna I, O wala Q. Ukidhani umeona O, hiyo ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayafuati mfumo huo. Yenyewe yana kifupi cha muundo kama NZE121, kisha mstari na tarakimu. Ingiza namba hiyo kwenye katalogi, nayo itakupa namba ya spea yenyewe. Hiyo namba ya spea ndiyo unayoenda nayo sokoni.

Kwa Toyota namba ya spea kwa kawaida ina tarakimu 10 katika makundi mawili ya tano. Kundi la kwanza linataja aina ya kitu: 22204 ni sensa ya hewa inayoingia kwenye injini, 89661 ni kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Kundi la pili linasema ni ya injini ipi na toleo lipi. Makosa mengi hutokea hapo, kwa sababu muuzaji anaona 89661 kwenye boksi, anaona plagi za waya zinaingia, basi anaridhika. Wewe linganisha mpaka tarakimu ya mwisho. Zikitofautiana, rudi kwenye katalogi uone kama namba moja imechukua nafasi ya nyingine, maana kampuni hubadilisha namba mara kwa mara na ile mpya huingia badala ya ya zamani. Kama katalogi haisemi hivyo, hiyo si spea yako.

Vyanzo, kuanzia bora

*1. Gari zima lililoletwa kuchinjwa (kuvunjwa liuzwe spea), injini bado inawaka.* Hakuna kinacholifikia hili. Gari lililogongwa nyuma au ubavuni, ambalo bodi yake haifai kutengenezwa, linaweza kuwa na injini nzima kabisa. Unaisikia ikiwaka ikiwa baridi, unaangalia moshi, unasoma namba ya chesisi, unaona kilomita kwenye dashibodi na kuzilinganisha na uchakavu wa usukani na pedali. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Ukipata nafasi, mwombe fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe na joto, plagi zote zitolewe, na aksileta ikanyagwe hadi mwisho. Petroli nyingi zenye afya husoma kati ya bar 10 na 14, lakini kipimo muhimu zaidi ni ulinganifu: silinda moja ikipungukiwa na zaidi ya bar 1 hivi dhidi ya wenzake, kuna valvu, ringi au gasketi inayovujisha. Uzuri mwingine wa gari zima ni kwamba unapata vitu vidogo visivyouzwa peke yake: vibano, mabomba ya chuma, bolti za urefu maalumu, plagi za waya zenye kufuli ambazo hazijavunjika. Kwa gari la zamani hivyo ndivyo vinavyochelewesha kazi.

*2. Yadi ya kuvunja magari yenye kumbukumbu.* Si lazima uisikie injini, lakini kila spea ina lebo inayosema imetoka gari lipi, namba gani ya chesisi, kilomita ngapi, na kwa nini gari lilifika hapo. Swali la mwisho ndilo la kuuliza kwa nguvu. Gari lililofika kwa ajali na gari lililofika kwa sababu injini ilichemsha ni vitu viwili tofauti, hata kama bei ya hedi ni moja. Yadi inayokubali kurudishiwa spea baada ya kupimwa na fundi iko karibu sana na nafasi ya kwanza.

*3. Injini kamili iliyokwisha kushushwa.* Hapa injini imefika bila gari lake, na kilomita zimebaki kwenye dashibodi usiyoiona. Karatasi yenye idadi ya kilomita iliyobandikwa juu ya kava ichukulie kama maneno ya muuzaji, si ushahidi. Ushahidi uko kwenye chuma. Funga spana kwenye bolti ya puli ya krenki uizungushe mizunguko miwili kamili. Inapaswa kwenda kwa ulaini, na kila silinda ikikaza kwa zamu yake. Fungua kifuniko cha oili: rangi ya kahawia hafifu ni ya kawaida, tope jeusi zito ni dalili ya oili isiyobadilishwa, na utando kama maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili. Toa plagi zote uzipange kwa mfuatano wa silinda. Plagi moja iliyo safi kupita wenzake huenda ilikuwa inaoshwa na maji. Angalia pia mstari wa matope ndani ya alteneta na nyuma ya kava za belti, kwa sababu injini iliyowahi kuzama kwenye mafuriko huoshwa nje ikapendeza, huku ndani kutu ikiendelea.

Faida ya kununua injini kamili badala ya hedi au krenki peke yake ni kwamba sehemu zake zimezoeana. Kwa mtu ambaye injini yake imenoki vibaya, mara nyingi ndiyo njia yenye akili zaidi kuliko kuunganisha bloku ya huku na hedi ya kule.

*4. Spea iliyofanyiwa ukarabati karakana.* Alteneta, stata, turbo, pampu ya dizeli na hedi huuzwa baada ya kufunguliwa na kubadilishwa vilivyolika. Kwa vitu hivyo vitano ningeipandisha hadi nafasi ya pili, kwa sharti moja: karakana ikupe karatasi ya vipimo, yaani ilichobadilisha na ilichopima. Bila karatasi, "imekarabatiwa" maana yake huenda ni kupigwa rangi. Hedi na injini zilizokarabatiwa vizuri wakati mwingine hubandikwa kidude kidogo cha duara chenye chuma laini kinachoyeyuka kwa urahisi katikati. Chuma hicho huyeyuka injini ikichemsha, kwenye nyuzi 120 na ushee za Selsiasi. Kikiwa kimeyeyuka, hedi hiyo imeshachemshwa baada ya ukarabati, na hakuna udhamini utakaokusaidia.

*5. Muuzaji wa mtandaoni usiyeweza kumfikia.* Inafaa kwa vitu ambavyo namba yake inasomeka kwenye picha na ambavyo haviharibiki kimyakimya: kontrol boksi, sensa ya hewa, manifoldi (mabomba ya kupitisha hewa au moshi), sampu (bakuli la oili chini ya injini). Omba picha ya lebo yenyewe, na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo ikiwa pembeni. Hedi, krenki na turbo sizinunui kwa picha, wala simshauri mtu.

*6. Lundo la spea lisilo na asili.* Bloku kumi zimepangwa, hedi ziko juu ya hedi, hakuna anayekumbuka ipi ilitoka wapi. Hapo nunua puli, bano au kava, ulinganishe na ya zamani mkononi, basi. Kwa sehemu zinazozunguka au zinazobeba mgandamizo, bei ya lundo ni hasara iliyocheleweshwa.

Kipi kinunuliwe kikiwa kimetumika

Vilivyo salama zaidi ni vyuma visivyosuguana na kitu: sampu ya oili, kava ya valvu, manifoldi, mabano, bomba za chuma. Bloku inafuata. Ikipimwa na silinda zake zikawa ndani ya kipimo, au zikiweza kuchongwa na kuwekewa pistoni za ukubwa wa juu, bloku ya miaka 25 haina ubaya wowote.

Vya kutonunua kamwe vikiwa vimetumika ni gasketi, sili, belti ya taimingi, cheni na kikaza chake, ringi, beringi za krenki, thermostati, hosi za mpira. Pampu ya maji pia, hata ikizunguka laini, kwa sababu sili yake ikishakauka nje ya maji huanza kuvuja baada ya kufungwa. Bolti za hedi zinazokazwa kwa nyuzi za pembe baada ya kukazwa kwa nguvu maalumu, katika injini nyingi, hurefuka zinapokazwa, hivyo hutumika mara moja tu. Soma kitabu cha injini yako, na kikisema zibadilishwe, nunua mpya. Kuna kipoza oili pia, ambacho watu hukisahau. Kikitoka kwenye injini iliyonoki, vipande vya chuma vimejificha ndani na hakuna kuosha kunakovimaliza. Kikifungwa kwenye injini yako, vitaenda moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Katikati kuna vifaa vya umeme, na hapa nina maoni makali. Kwa sensa ya hewa, koili, distributa na nozeli, afadhali ya kampuni iliyotumika na kupimwa kuliko ya kuiga iliyo mpya kwenye boksi. Sensa ya hewa ya Denso au Bosch imetengenezwa ili isome kwa kipimo ambacho kontrol boksi inakitarajia. Ya kuiga inaweza kuingia, injini ikawaka, kisha ikala mafuta na kukosa nguvu bila taa yoyote kuwaka. Nozeli pima ukinzani kwa multimita. Nyingi za petroli husoma kati ya omu 12 na 16, lakini zipo za ukinzani mdogo wa omu 2 au 3, na ukizifunga kwenye gari lisilotengenezwa kwa ajili yake unaweza kuunguza kontrol boksi. Nunua seti kamili kutoka injini moja, kisha zisafishwe na kupimwa mtiririko. Sensa ya oksijeni ndiyo ninayoitoa kwenye kundi hili, kwa kuwa huchoka kadiri inavyotumika. Hiyo nunua mpya ya kampuni.

Kontrol boksi ya gari lenye ulinzi wa ufunguo haitawasha injini bila ufunguo iliouzoea. Nunua boksi, ufunguo na kifaa kinachousoma kwa pamoja, au uhakikishe mapema kuna fundi anayeweza kuvizoesha.

Hedi na krenki zinahitaji vipimo

Hedi ni miongoni mwa spea za injini zinazotafutwa sana, na ndiyo inayodanganya zaidi. Iliyochemshwa hujikunja, na ikizidi, alumini yake hulainika kiasi kwamba hata ikichongwa ikanyooka haitashika bolti vizuri. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari miwili, kisha jaribu kupitisha fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) chini yake. Injini nyingi za alumini zinaruhusu milimita 0.05 tu upande wa silinda. Kipimo cha injini yako kimeandikwa kwenye kitabu chake. Angalia kati ya valvu mbili za kila silinda, na kutoka kiti cha valvu kuelekea tundu la plagi au la nozeli, maana nyufa huanzia hapo. Kisha iende karakana ikajaribiwe kwa hewa ya mgandamizo ikiwa ndani ya maji ya moto, kwa kuwa ufa mwingine hufunguka chuma kikipata joto. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo ukiilinganisha na kufunga hedi mara mbili.

Uliza pia imeshachongwa mara ngapi na upime unene wake. Hedi iliyochongwa kupita kiasi huongeza mgandamizo, na kwenye baadhi ya injini huzisogeza valvu karibu na pistoni.

Kosa moja huonekana kila mara kwenye mauzo ya hedi: kuiuza bila vifuniko vya kemshafti, au ikiwa na vya hedi nyingine. Kiwandani vifuniko huchongwa pamoja na hedi yake, vikiwa vimefungwa. Vya hedi nyingine vitakaza au vitalegeza kemshafti, na hedi itakufa mapema. Vifuniko vikuu vya krenki kwenye bloku ni vivyo hivyo, na vya koniroda (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) pia. Visipokuwepo vyake vya asili, usilipe.

Krenki ipitishie ukucha kwenye kila sehemu inayokaa beringi. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, inahitaji kuchongwa. Rangi ya bluu ni alama kwamba ilizunguka bila oili. Ipimwe kwa mikromita kabla hujanunua, kwa sababu huenda imeshachongwa milimita 0.25 au 0.50, na lazima ujue ni ipi ndipo ununue beringi zinazolingana. Iliyofikia ukomo haina pa kwenda tena.

Udhaifu wa kuzaliwa nao

Injini nyingine zina kasoro inayojulikana, na ukinunua ya miaka ileile unanunua kasoro ileile. Toyota 1ZZ-FE za mwanzo zilikula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na kuziba. Kwenye 2AZ-FE nyuzi za bolti za hedi ndani ya bloku hung'oka. Hedi za 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka baada ya kuchemsha. Kwa injini kama hizo, tafuta iliyotengenezwa baada ya marekebisho, au iliyokwisha kurekebishwa na fundi kwa ushahidi. Kwa 1KZ-TE, mimi ningeenda moja kwa moja kwenye hedi mpya ya mtengenezaji mwenye jina. Ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mtumba haunishawishi.

Kabla ya kulipa

Namba ya injini isomeke vizuri, bila alama za tupa wala kugongwa upya. Iliyofutwa iache hapohapo, hata ikiwa nzima kiasi gani: inaweza kuwa ya wizi, na katika nchi nyingi namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na kuibadilisha kunahitaji taarifa. Risiti itaje namba ya spea au ya injini, asili yake, na siku za kurudisha. Siku hizo zihesabiwe kuanzia fundi atakapoifunga, kama muuzaji atakubali, kwa sababu spea za injini hukaa gereji wiki kadhaa zikisubiri gasketi.

Piga alama yako kwa rangi mahali ambapo si rahisi kuonekana, ili ukiirudisha pasiwe na ubishi kwamba si ileile. Na ile ya zamani usiitupe wala kuiacha kwa muuzaji siku ya kununua. Ikae gereji mpaka injini iwake, ipate joto, ipoe na kukazwa inapohitaji kukazwa. Fundi ataihitaji kuhamisha sensa, studi na vibano, na mara nyingi anagundua tofauti ya tundu moja akiwa ameshikilia zote mbili.